Mtu na Kampuni Yake: Tarehe ya Kununua Kompyuta kwa Jina la Biashara

Pana desturi moja miongoni mwa mafundi wa kompyuta wa Uingereza ambayo haikuandikwa sana katika vitabu vya tarehe, nayo ni hii: fundi aachapo ajira na kuanza kufanya kazi kwa mikataba huandikisha kampuni yake mwenyewe, hufungua hesabu ya benki kwa jina la kampuni hiyo, humtafuta mhasibu, kisha, mara nyingi kabla hajapokea hata malipo ya mwezi wa kwanza, hununua kompyuta kwa jina la kampuni, kwa gharama iliyo chini ya ile ambayo angeibeba alipokuwa mwajiriwa. Jirani yake aendaye dukani siku ya Jumamosi na fedha za mshahara hulipa bei kamili na kodi juu yake. Yeye hupewa bei ya wafanya biashara, hurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, na gharama ya chombo hutolewa katika faida kabla serikali haijaitoza kodi. Wako waonao kuwa jambo hili ni hila ya watu werevu, na wako waonao kuwa ni bahati njema tu. Mimi naliona kuwa ni mapatano ya kale kati ya dola na wafanya biashara, yaliyojengwa kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu, ambamo kila alichopewa mfanya biashara alikilipia kwa kingine. Na nia yangu ni kuyafuata mapatano hayo tangu asili yake, nipate kuonyesha kwamba malipo yanayodaiwa leo kwa mtu mdogo, mwenye kampuni isiyo na mtumishi ila yeye peke yake, yamepita kiasi cha haki.

Habari yenyewe huanza katika deni, miaka mia moja kabla ya kompyuta kuwako. Zamani watu walioshirikiana biashara Uingereza walikuwa wakidaiwa mpaka vitanda na sufuria zao, kwa maana deni la shirika lilikuwa deni la kila mmoja wao. Mwaka 1844, wakati William Gladstone alipokuwa mkuu wa Bodi ya Biashara, ilipitishwa sheria ya kuandikisha makampuni katika daftari la serikali. Mwaka 1855 ikaja sheria iliyosema kwamba mwenye hisa asidaiwe zaidi ya fedha alizoahidi kutia. Na mwaka uliofuata, kwa juhudi za Robert Lowe, mlango ukafunguliwa wazi, ikawa watu 7 wowote waliotia sahihi waraka wa kuanzisha kampuni na kuusajili walizaa kiumbe kipya cha sheria, chenye uwezo wa kununua, kuuza, kudai na kudaiwa kwa jina lake.

Lakini je, kiumbe hicho kilikuwa kweli mbali na waliokizaa? Suala hilo halikukatwa mpaka likafikishwa mahakamani na mshona viatu. Aron Salomon alikuwa mfanya biashara wa viatu vya ngozi katika mtaa wa Whitechapel High Street, mashariki ya London, na biashara yake ilikuwa imesimama vema kwa miaka mingi. Mwaka 1892 aliandikisha kampuni, na kwa kuwa sheria ilitaka watu 7, wenye hisa walikuwa yeye, mkewe, binti yake na wana wao wanne, kila mmoja wa hao sita akiwa na hisa 1 tu, naye mwenyewe akiwa na hisa 20,001. Akaiuzia kampuni biashara yake kwa bei iliyokaribia pauni 39,000, na sehemu ya bei hiyo, pauni 10,000, ikabaki kuwa deni alilowekewa dhamana juu ya mali ya kampuni. Haukupita muda mrefu biashara ikaharibika, kampuni ikafilisika, na wadai wasiokuwa na dhamana wakakuta hakuna kitu. Mfilisi akanena kwamba kampuni ile ilikuwa kivuli cha Salomon, na kwa hiyo Salomon alipe. Jaji wa kwanza alikubali, na Mahakama ya Rufani ikakubali kwa maneno makali zaidi. Tarehe 16 Novemba 1896 Baraza la Malodi likazitengua hukumu zote mbili na kutamka kwamba kampuni iliyoandikishwa kwa kufuata sheria ni nafsi mbali na mwenye hisa, hata kama wenzake sita ni jamaa zake walioazima majina yao tu.

Hukumu hiyo ndiyo shina la mambo yote nitakayoeleza, na haikukaa London. Ilisafiri pamoja na sheria za Waingereza hadi Afrika ya Mashariki, ambako Sheria ya Makampuni ya Kenya, iliyotumika hadi ilipoondolewa na sheria mpya ya mwaka 2015, ilifuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1948. Na mawakili wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wangali wakilitaja jina la Salomon mbele ya mahakimu. Kijana anunuaye kompyuta leo kwa jina la kampuni yake, akiwa yeye ndiye mwenye hisa, mkurugenzi na mtumishi, anasimama juu ya msingi uliowekwa na mshona viatu yule.

Kuna kesi nyingine, ya kale kuliko hiyo, ambayo kila mwanzilishi wa kampuni angefaa kuijua. Mwaka 1866 watu kadha waliokusudia kuanzisha kampuni ya hoteli huko Gravesend, penye mdomo wa mto Thames, walinunua shehena ya mvinyo kwa muuzaji mmoja kwa niaba ya kampuni ambayo ilikuwa haijaandikishwa bado. Kampuni ikaandikishwa baadaye, mvinyo ukanywewa, kisha hoteli ikaanguka kabla ya deni kulipwa. Katika kesi ya Kelner na Baxter mahakama iliamua kwamba kiumbe ambaye hajazaliwa hawezi kuwa na wakala, na kwa hiyo waliotia sahihi ndio wadaiwa kwa nafsi zao. Kanuni hiyo imo katika sheria hata leo. Mkandarasi mpya ambaye, kwa shauku ya kulipata punguzo lenye kikomo cha siku, aagiza kompyuta Jumatatu kwa jina la kampuni itakayoandikishwa Alhamisi, amenunua kwa jina lake mwenyewe atake asitake, na deni likiwa baya ni lake.

Masharti ya idadi ya watu yalilegezwa polepole. Sheria ya mwaka 1907 iliruhusu kampuni binafsi iwe na watu 2, na kwa muda wa miaka themanini na zaidi mtu aliyetaka kampuni ilimpasa ampate mwenzake wa kumpa japo hisa 1. Kwa mafundi wa kompyuta mwenzi huyo mara nyingi alikuwa mke au mume, ambaye pia aliandikwa kuwa katibu wa kampuni. Tarehe 15 Julai 1992, kwa kufuata agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1989, Uingereza iliruhusu kampuni binafsi yenye mwanahisa mmoja tu. Na tangu Aprili 2008 haikuwa lazima tena kampuni binafsi iwe na katibu. Uganda iliikubali kampuni ya mtu mmoja kwa sheria yake ya mwaka 2012, na Kenya kwa sheria ya 2015.

Sasa tuigeukie kazi yenyewe. Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi ya kila siku ya ofisi ya biashara ilikuwa LEO, iliyojengwa na kampuni ya J. Lyons, wauza chai na keki, huko Cadby Hall, London, ikaanza kazi hiyo mwezi wa Novemba 1951. Mashine za aina hiyo zilijaza chumba kizima, na hapakuwa na fundi aliyeweza kuota kwamba siku moja atakuwa na yake. Kwa sababu hiyo watu wa kwanza waliofanya kazi ya programu nje ya ajira hawakuhitaji kununua mashine hata kidogo. Mwaka 1962 Stephanie Shirley, mzaliwa wa Dortmund aliyeletwa Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto wa miaka mitano pamoja na watoto wengine wa Kiyahudi walionusurika na dhuluma za Wanazi, alianzisha biashara aliyoiita Freelance Programmers kwa mtaji wa pauni 6. Alikusudia kuwapa kazi wanawake wenye elimu ya kompyuta waliolazimika kuacha ajira walipoolewa au kuzaa, nao walifanya kazi nyumbani kwao kwa penseli na karatasi, wakiwasiliana kwa simu na posta. Kile walichoandika kilichapwa na kutiwa katika mashine za wateja. Kwa kuwa barua zake zilitupwa zilipotiwa sahihi ya jina la kike, alianza kutia sahihi kwa jina la Steve, na milango ikafunguka. Miongoni mwa kazi za wanawake hao ilikuwa programu ya chombo cha kunakili safari cha ndege ya Concorde. Nimeona vema kumkumbuka mama huyu hapa kwa sababu alithibitisha kwamba ufundi wa kompyuta unaweza kuwa mali ya fundi, akaubeba kutoka kwa mteja huyu mpaka kwa yule, bila kuwa mtumishi wa mmoja wao.

Kilichowasukuma mafundi kutoka katika uhuru wa namna hiyo na kuwaingiza katika makampuni yao wenyewe kilikuwa sheria ya kodi. Mwaka 1975 Bunge la Uingereza lilipitisha kanuni kwamba mtu apelekwaye kazini na wakala, akafanya kazi chini ya usimamizi wa mteja, atozwe kodi kana kwamba ni mwajiriwa, na anayemlipa ndiye awajibike kuikata kodi hiyo. Kanuni hiyo haikumhusu mtu aliyekuja kwa jina la kampuni, kwa kuwa kampuni, kama Malodi walivyokwisha kusema, ni nafsi mbali. Mawakala wa ajira, wakihofia mzigo wa kodi na madai ya haki za waajiriwa, wakaanza kutaka kila fundi aje na kampuni yake, na ikawa ada mpaka mtu asiye na kampuni alikataliwa kazi mlangoni. Yafaa jambo hili likumbukwe na wale wawalaumuo wakandarasi kwa kujificha nyuma ya makampuni, maana wengi wao hawakujificha, bali waliingizwa.

Katika miaka ya 1980 mambo mawili yalikutana. La kwanza ni kwamba kazi zilikuwa nyingi, hasa katika mabenki ya London baada ya soko la hisa kulegezewa masharti yake tarehe 27 Oktoba 1986. La pili ni kwamba mashine zilishuka bei. Mwezi wa Septemba 1986 kampuni ya Amstrad ya Alan Sugar ilitoa kompyuta ya PC1512 kwa pauni 399, na watu wakashangaa, kwa kuwa mashine za jinsi hiyo zilikuwa zikiuzwa kwa bei iliyopita hiyo mara nyingi. Lakini bei ile ya pauni 399 ilikuwa bila kodi, na mtu wa kawaida, kwa kiwango cha kodi cha wakati ule cha asilimia 15, alitoa pauni 458 na peni 85. Hapo ndipo tofauti ya wanunuzi wawili ilipoanza kuonekana dhahiri katika matangazo, ambamo bei moja iliandikwa kwa herufi kubwa kwa ajili ya wafanya biashara, na wengine waliachiwa wafanye hesabu.

Kodi ya ongezeko la thamani ilianza kutozwa Uingereza tarehe 1 Aprili 1973 kwa asilimia 10, ikashuka hadi 8 mwaka 1974, ikapanda hadi 15 mwaka 1979 na 17.5 mwaka 1991, na tangu Januari 2011 imekuwa asilimia 20. Nguzo yake ni kwamba mzigo wote umwangukie mtumiaji wa mwisho. Kila mfanya biashara aliyesajiliwa hukusanya kodi kwa wateja wake, hutoa ile aliyoilipa mwenyewe aliponunua, na hupeleka serikalini baki yake. Kampuni changa yenye nambari ya kodi hiyo, ikinunua kompyuta kwa kazi yake, ina haki ya kurudishiwa kodi yote, na hata kodi ya vyombo ambavyo mkurugenzi alivinunua kabla ya usajili, kwa sharti kwamba vingaliko, vinatumika katika biashara, na risiti zake zimehifadhiwa.

Hesabu moja itadhihirisha ukubwa wa tofauti hii. Tuchukue kompyuta iliyouzwa mwaka 2001 kwa pauni 1,000 bila kodi, yaani pauni 1,175 pamoja na kodi. Kampuni ndogo iliyosajiliwa ilirudishiwa pauni 175. Kisha, kwa kuwa kuanzia Aprili 2000 hadi Machi 2004 serikali iliziruhusu biashara ndogo kutoa gharama yote ya vyombo vya kompyuta katika faida ya mwaka ule ule, kampuni iliyotozwa kodi ya asilimia 20 iliokoa pauni 200 nyingine, na mashine ikaigharimu pauni 800. Mwajiriwa wa cheo cha kawaida, aliyekatwa asilimia 22 ya kodi ya mapato na asilimia 10 ya bima ya taifa, ilimpasa afanye kazi ya mshahara wa takriban pauni 1,728 ili abakiwe na pauni 1,175 za kwenda nazo dukani. Hapo muuza duka hajapunguza hata peni moja. Sehemu kubwa ya kile kiitwacho punguzo haikutoka kwa muuzaji, bali katika hazina ya serikali, iliyokuwa inataka kwa makusudi watu wanunue mashine na kuzifanyia kazi. Tangu Aprili 2008 kuna posho ya mwaka ya uwekezaji inayofanya kazi kama hiyo kwa vyombo vya kila namna, ikianzia kikomo cha pauni 50,000 na kufikia pauni 1,000,000 mwaka 2019.

Wauzaji nao walikuwa na yao. Kampuni ya Dell, iliyoanzishwa na Michael Dell huko Texas mwaka 1984, ilifungua tawi Uingereza mwaka 1987, ikauza kwa simu bila duka, ikawatenga wanunuzi wa nyumbani na wale wa biashara katika daftari mbalimbali zenye bei mbalimbali. Yalikuwapo pia maghala ya wanachama, ambayo mtu hakuingia ila kwa kuonyesha kwamba ana biashara: Makro ilianza karibu na Manchester mwaka 1971, na Costco ilifungua ghala lake la kwanza la Uingereza huko Thurrock mwaka 1993, baada ya maduka makubwa matatu kwenda mahakamani kupinga kibali chake cha ujenzi na kushindwa, kwa kuwa mahakama iliona kwamba mahali pasipoingia kila mtu si duka la rejareja. Kwa mwenye kampuni changa, cheti cha usajili na karatasi ya barua yenye jina la kampuni vilikuwa ufunguo wa milango hiyo. Mlango mmoja tu ulibaki mgumu, nao ni wa mkopo: muuzaji aliyempa mteja wa zamani siku 30 za kulipa alimtaka mkurugenzi wa kampuni ya mwezi mmoja aweke dhamana yake binafsi, na kwa sahihi hiyo ile ngao aliyoipata Salomon ikawekwa kando.

Mwaka 2002 ulikuja utaratibu wa kulipa kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango kimoja, ambao biashara ndogo hulipa asilimia fulani ya mapato yake yote na hairudishiwi kodi ya manunuzi, isipokuwa chombo cha mtaji, au vyombo vilivyonunuliwa pamoja, vyenye thamani ya pauni 2,000 au zaidi pamoja na kodi. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo, kwa kuwa fundi aliyehitaji kompyuta ya pauni 1,700 aliona heri aongeze kioo cha pili na mashine ya kuchapa katika ankara ile ile, akafikisha kiwango. Sioni dhambi katika hilo maadamu vyombo vilihitajiwa. Ila sheria imsukumayo mtu anunue kuliko haja yake imekosa shabaha.

Kwa hiyo upande wa neema umeonekana. Upande wa pili, ambao wahasibu huutaja kwa haraka, ni ule wa kinga ya mnunuzi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1977 ilikataza muuzaji kumnyima mtumiaji wa kawaida haki ya kupata bidhaa isiyo na kasoro, lakini kwa wafanya biashara muuzaji aliweza kujivua dhima hiyo ikiwa sharti lake lilikuwa la kiasi. Katika miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ilipata kuamua kesi ya R & B Customs Brokers, kampuni ya mume na mke waliofanya kazi ya kusafirisha mizigo, walionunua gari kwa jina la kampuni, gari likavuja. Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa kununua magari halikuwa jambo la kila mara katika biashara yao, kampuni ilihesabiwa kuwa mtumiaji wa kawaida na kinga ilikuwa yake. Naiona hukumu hiyo kuwa ya hekima kubwa, kwa sababu ilitazama hali ya mnunuzi, kama ana mazoea ya kununua vitu vya aina hiyo, wala haikutazama karatasi peke yake. Kompyuta iliyonunuliwa na kampuni ya mtu mmoja kwa ajili ya kazi yake ya kila siku haikuwa na hakika ya kuingia katika kivuli hicho, lakini angalau hoja ilikuwapo.

Hoja hiyo imefungwa. Kanuni za mauzo ya mbali zilizoanza tarehe 31 Oktoba 2000, zilizompa mnunuzi kwa simu au kwa intaneti siku 7 za kazi za kughairi, ambazo mwaka 2014 zilifanywa kuwa siku 14, hazikuihusu kampuni hata siku moja. Na Sheria ya Haki za Watumiaji iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2015 ilitamka wazi kwamba mtumiaji ni mtu binafsi tu. Tangu siku hiyo fundi aliye peke yake katika chumba chake cha nyuma huko Leeds au Croydon, akinunua kompyuta moja kwa jina la kampuni, yu katika daraja moja la sheria na benki inunuayo kompyuta elfu kumi, ingawa benki ina mawakili wa kuandika mkataba na yeye hana ila masharti yaliyochapwa na muuzaji.

Dhuluma yenyewe huonekana sawasawa jambo hili likiwekwa karibu na lile la kodi. Tarehe 9 Machi 1999, siku ya bajeti ya Waziri wa Fedha Gordon Brown, idara ya kodi ilitoa tangazo lililopewa alama ya IR35, lililosema kwamba mtu afanyaye kazi kupitia kampuni yake kwa namna ambayo bila kampuni angekuwa mwajiriwa, atatozwa kodi kama mwajiriwa. Mafundi waliunda chama chao mwezi wa Mei mwaka huo huo, wakaenda mahakamani, wakashindwa mwaka 2001. Sheria ilikuwa imekwisha kuanza tarehe 6 Aprili 2000. Kwa kampuni iliyonaswa, gharama zilizokubaliwa bila kuulizwa zilikuwa asilimia 5 tu ya mapato ya mkataba.

Hapo umiliki wa chombo cha kazi ukawa na maana mpya. Tangu kesi ya Ready Mixed Concrete ya mwaka 1968, ambamo dereva aliyenunua lori lake kwa mkopo, akalipaka rangi za kampuni na kuvaa sare yake, alihesabiwa kuwa mtu huru, majaji wamekuwa wakiuliza ni nani mwenye chombo. Wakandarasi wengi wakaanza kununua kompyuta zao wenyewe wakitumaini kwamba zitasimama kuwa ushahidi wa uhuru wao, hali wateja, hasa mabenki na wizara, kwa sababu za usalama walikuwa wakizidi kuwakataza wasiziunganishe na mitambo yao. Kwa upande wa waajiriwa, serikali ile ile ilikuwa mwaka 1999 imeweka msamaha wa kodi kwa kompyuta ambazo waajiri waliwaazima watumishi wazitumie nyumbani, kwa mashine yenye thamani ya hadi pauni 2,500, ili elimu ya kompyuta ienee majumbani. Msamaha huo ukafutwa mwezi wa Aprili 2006. Kisha kuanzia Aprili 2017 katika ofisi za umma, na kuanzia tarehe 6 Aprili 2021 katika makampuni makubwa na ya kati, uamuzi wa kama fundi ni huru au ni kama mwajiriwa uliondolewa mikononi mwake ukapewa mteja. Wateja wengi waliogopa, wakawataka mafundi wote waingie katika orodha za mishahara, na kampuni nyingi za mtu mmoja zikafungwa.

Basi mtu yule yule, katika mwaka mmoja, huambiwa na idara ya kodi kwamba kampuni yake si kitu na yeye ni mwajiriwa, kisha huambiwa na muuzaji wa kompyuta mbovu kwamba yeye si mtu bali ni kampuni, na kwa hiyo hana siku 14 za kurudisha. Mimi sikatai kwamba anayepewa neema ya mfanya biashara abebe hatari ya mfanya biashara, na wala sitetei wale waandikao televisheni ya sebuleni kuwa chombo cha ofisi. Lakini hatari ni lazima ilingane na nguvu za aibebaye. Majaji wa kesi ya gari lile walilifahamu hilo, na sheria ya 2015 ikalifuta bila sababu ya kutosha. Bunge la Uingereza lingetenda haki kama lingeirudishia kampuni ya mtu mmoja, angalau kwa manunuzi ya vyombo vyake vichache vya kazi, kinga ya mnunuzi wa kawaida; na wabunge wa nchi zetu, ambazo zimeikubali kampuni ya mtu mmoja majuzi tu, wana nafasi ya kulitazama jambo hili mapema. Mpaka siku hiyo ifike, nawasihi vijana wetu waliomo katika kazi hii, huko London na huku kwetu, wasiagize chombo kabla cheti cha usajili hakijatoka, wasome masharti ya kurudisha kabla ya kuitazama bei, na wakiona tofauti ya bei ni ndogo na mashine ni ya kwanza ya aina yake kuinunua, wamwulize muuzaji kwa maandishi kama ataichukua tena ikiwa na kasoro, kisha waliweke jibu lake pamoja na ankara.